Usimwite kwa Jina Zima

Wageni walipokwisha kula tambi na mbilingani, Nunzia mpishi alifunga madirisha ya mbao ya jikoni, akafunika vikombe kwa kitambaa, akavua viatu na kukaa. Saa za controra zilikuwa zimeingia. Kwetu kwenye tambarare hii ya Foggia hakuna asiyezijua: ni saa za jua la utosi, tangu chakula cha mchana hadi joto linapoanza kulegea, na mtu mwenye akili zake huwa ndani amelala. Mbwa hulala, padri hulala, na shamba la chini huachiwa wanawake waliofia humo.

Walikuwa wavunaji wa nyanya enzi za babu yake Don Michele, mwenye shamba wa sasa. Mwaka ule mzee alikataa kuwapumzisha saa za controra, kwa sababu lori lilikuwa linasubiri, na jua likawamaliza wakiwa wameinama. Tangu hapo huja kila siku ya msimu, leso nyeupe vichwani, na kuvuna. Jua likipoa huondoka, na makreti hubaki yamejaa. Don Michele huyapeleka kiwandani pamoja na mengine. Hajawahi kusema asante, na wao hawajawahi kuidai.

Mmoja wao alikuwa Incoronata, mavyaa wake Nunzia. Nunzia hakumkuta hai, lakini kupitia upenyo wa dirisha aliujua mgongo wake, jinsi ulivyoinamia kushoto. Alipojifungua mtoto wa kike, mtoto alipewa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi, bila ubishi. Ila nyumbani aliitwa Natuccia, kifupi cha Incoronata, na si kwa kumdekeza tu. Wakati wa controra jina la ubatizo halipazwi nje. Mtu na somo yake wakiitwa kwa jina lao moja, aliyepewa kwanza ndiye huja, na wafu wana masikio mepesi kuliko sisi.

Don Michele yeye alikuwa na shughuli nyingine. Aligeuza mazizi kuwa vyumba vya wageni, akachimba bwawa la kuogelea, akafunga bembea za kulalia chini ya mizeituni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli alipona, akaota na kitambi. Wageni waliogelea, wakaendesha baiskeli hadi kanisa dogo la njia panda, wakajifunza kwa Nunzia kubonyeza unga kwa kidole gumba, wakanywa mvinyo na kusema kwamba wamesahau kabisa kazi zao.

Bi Annegret, aliyetoka Hamburg, aliyamaliza yote hayo mapema na hakuweza kulala mchana. Alisimama dirishani, akawaona wanawake shambani.

"Wale mbona wanavuna na sisi tunaambiwa tulale?" akauliza.

"Wale ni wafu, bibi," alisema Don Michele.

"Ahaa. Wanaanza saa ngapi?"

Kufikia chakula cha jioni burudani mpya ilikuwa imetangazwa: kuvuna nyanya pamoja na wenyeji. Natuccia, aliyewahi kufanya kazi hotelini Ujerumani na kujua lugha yao, ndiye angewaongoza.

Nunzia alimfuata Don Michele hadi stoo ya mvinyo, mikono ikiwa bado na unga.

"Don Michele, wageni wako hawana neno. Wafu hawamwoni mtu anayefanya kazi kwa kujifurahisha. Lakini binti yangu ni wa hapa, na yeye ameajiriwa. Akiinama mstarini nao, watamhesabu mwenzao."

"Hatainama. Ataonyesha tu."

"Basi wapeleke jioni, jua likipoa."

"Jioni kuna kuonja mvinyo, Nunzia. Wewe nawe! Usipotaka, nitatafuta msichana mjini na kazi yote aipate huyo."

Natuccia alicheka aliposimuliwa. Alikuwa anajaribu kofia ya majani mbele ya kioo.

"Mama, wewe unaogopa hata kivuli cha paka. Nitasimama kando na kofia yangu. Bibi atanifanya nini? Si ni somo yangu?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nikivunjika guu nitapata kupumzika, maana hapa hata kuumwa hakuna nafasi."

Kesho yake Nunzia hakukaa. Alisimama kwenye upenyo wa dirisha. Wageni walishuka shambani, wakavuna kidogo, wakapigana picha. Wafu waliwapita kama watu wanavyopita mbuzi njiani. Baadaye joto likawazidi wageni, wakarudi mbio bwawani wakicheka, wameacha makreti yao nusu.

"Natuccia!" Don Michele aliita kutoka kivulini. "Usiache kreti nusu, lori linakuja!"

Natuccia alisita. Kisha akainama.

Alivuna mche wa kwanza, wa pili, akasonga mbele. Wanawake walisogea kumpa nafasi. Kofia ilipoanguka, mmoja wao alifungua leso ya akiba kiunoni na kumfunga kichwani, taratibu, kama jirani anavyomsaidia jirani. Kutoka pale dirishani migongo yote ikawa mmoja, na Nunzia hakumjua tena mwanawe ni yupi.

Alitoka bila viatu. Ardhi ilimuunguza nyayo na hakuisikia. Angepaswa kupiga mluzi, au kuita Natuccia. Hilo alilijua tangu hajaota meno. Lakini mama aliyeogopa ni mama aliyekasirika, na kwetu hakuna mama anayemkaripia mtoto kwa jina la kudekeza.

"Incoronata!" alipiga kelele. "Toka huko sasa hivi!"

Mwanamke mmoja alinyoosha mgongo, akaja. Nunzia alimshika mkono na kumvuta bila kumtazama, akipita bwawa na mizeituni hadi jikoni. Mkono ulikuwa mkavu na wa baridi. Alipomfungua leso akaona mvi.

"Nani ameniita?" aliuliza yule mzee.

"Mimi, mama. Mke wa Vito."

"Mbona umechelewa hivyo?"

Alikunywa maji, kikombe juu ya kikombe, mpaka mtungi ukakauka. Kisha akatafuta aproni. Nunzia alirudi shambani akikimbia, lakini jua lilikuwa limelegea na hapakuwa na mtu. Makreti yote yalikuwa yamejaa.

Don Michele alimvulia mzee kofia. Alimkaribisha, akamuuliza kama anajua kukanda unga. Alijua kuliko Nunzia. Bi Annegret alisema hajawahi kupata mwalimu mzuri kama yule, na akaongeza muda wa likizo.

"Pole sana, Nunzia," alisema Don Michele. "Lakini wafanyakazi ni wale wale, hatujapungukiwa."

Vito alipiga simu kutoka Torino, anakofanya kazi kiwandani. Alizungumza na mama yake akalia, kisha akamuulizia binti yake, akalia tena.

Nunzia alimsihi mavyaa wake arudi, huenda mtoto akaachiwa. Mzee hakuacha kukanda.

"Nimevuna kule tangu Vito hajaacha ziwa, mpaka nikaota mvi. Jua lile lile, kiu ile ile. Unataka nirudi?"

Nunzia aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, lakini hakusema uongo. "Nataka, mama."

"Najua. Mimi pia ni mama. Siendi."

Don Michele aliajiri msichana kutoka mji wa Orta Nova kuwaongoza wageni, saa zile zile za jua. Burudani ya kuvuna ikawa inapendwa kuliko bwawa.

Siku hizi controra ikiingia, Nunzia husimama dirishani. Humwona binti yake mwisho wa mstari, mgongo bado umenyooka kuliko migongo ya wenzake. Alijaribu mluzi. Alijaribu kuita Natuccia mpaka sauti ikakauka, lakini wafu hujua jina la ubatizo tu, na yule hakuinua kichwa.

Jana alimwona akisimama, akiyumba, akilamba jasho la mkono wake kwa kiu. Nunzia alisukuma madirisha yakagonga ukuta, akaita jina lote, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Nyuma yake, mezani, kiti kilisogea.

"Abee," alisema mzee, akijifuta unga mikononi. "Nipo hapa, mwanangu."