Viti Thelathini vya Zahanati ya Roccalvena

Siku ya kwanza ya Juni, saa tatu asubuhi, Ersilia Brandimarte alifungua zahanati ya Roccalvena kwa ufunguo uleule alioutumia miaka thelathini na mmoja akiwa muuguzi. Alifagia kizingiti, akavaa fulana nyeusi aliyopewa na manispaa, iliyoandikwa MWANGALIZI mgongoni.

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa miaka minne. Ofisi ya afya ya mkoa ilisema wagonjwa wa mji ule wa kilimani hawatoshi, ikamhamishia daktari hospitali ya bondeni, na kutoka mlimani hadi bondeni kuna kona thelathini na nane. Sasa chumba cha kusubiria kilikuwa kimepakwa chokaa upya. Ndani yake msanii mmoja wa Milano, Lapo Verdelli, alikuwa amepanga viti thelathini vyeupe vinavyoutazama mlango wa daktari. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na kitu ila mifagio. Ukutani alikuwa ameirudisha mashine ya zamani ya kutoa namba, akaitengeneza ikafanya kazi. Sanaa yake aliipa jina "Zamu".

"Inahusu kutokuwepo," Lapo alimweleza. "Mtu anaingia, anaona viti vitupu, anahisi."

"Anahisi nini?"

"Hilo namwachia yeye, mama."

Ersilia alikuwa amekubali kazi hiyo kwa sababu moja tu: hakutaka mtu mwingine aushike ufunguo.

Saa kumi alasiri marehemu waliingia. Walikuja kwa miguu kutoka barabara ya bondeni, viatu vimejaa vumbi, wakavipangusa mlangoni, kila mmoja akachukua namba na kukaa. Lapo alichagua viti thelathini kwa kuwa idadi hiyo ilipendeza machoni. Waliofia njiani tangu zahanati ifungwe nao walikuwa thelathini. Ersilia aliwajua wote. Mtoto mchanga wa akina Petrucci, aliyezaliwa na kufa kwenye kona ya tisa, alikuwa amepakatwa na tarishi mzee, na alikuwa na namba yake mwenyewe.

Wa kumi na saba alikuwa Nazzareno, mumewe, mwashi wa mawe, bado amevaa shati la pajama alilokufa nalo.

"Daktari amefika?" aliuliza.

"Hayupo."

"Basi nitangoja." Alimtazama kidogo. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Vitunguu vya mwaka huu vimeoza vyote, ujue. Hakukuwa na mtu wa kuchimba mfereji."

"Ningechimba," Nazzareno alisema, akaenda kukaa.

Manispaa ilikuwa imempa Ersilia kidude cha kuhesabia watu wanaoingia. Alikibonyeza mara thelathini, kwa maana hakuna aliyemwambia marehemu wasihesabiwe.

Kesho yake walirudi saa ileile, na kila siku baada ya hapo. Ersilia alileta kipimo chake cha presha kutoka nyumbani. Alipita kiti kwa kiti, akakifunga mikononi mwao, akasubiri, akaandika sifuri thelathini kwenye daftari. Kisha aliiandikia ofisi ya mkoa barua nzuri yenye majina yote, akieleza kwamba zahanati ya Roccalvena ina wagonjwa thelathini kila siku bila kukosa, na kuomba daktari arudishwe. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilisema wagonjwa waliotajwa hawana kadi hai za matibabu, kadi zao zilifutwa kila mmoja kwa tarehe yake, na kwa hiyo maombi hayawezi kushughulikiwa. Walimtakia majira mema ya joto. Aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama, halafu akaisomea chumba kizima kwa sauti. Tarishi alimwomba arudie kile kipande cha tarehe.

Lapo alikuja siku ya Jumapili, akasimama mlangoni na miwani yake mikubwa.

"Mama, viti vimejaa."

"Vimejaa."

"Kazi yangu inataka viti vitupu."

"Waambie wenyewe. Hao hapo."

Lapo aliwaendea, akawaeleza kwa adabu, mikono yake ikienda huku na huku. Nazzareno alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, una namba?" alimuuliza.

"Sina."

"Chukua namba, ukae kwenye mstari kama watu."

Lapo aliondoka na gari la saa kumi na mbili jioni. Wiki iliyofuata alituma maelezo mapya ya kubandika ukutani. Sasa sanaa yake ilihusu kuwepo.

Baada ya hapo wageni walijaa. Walikuja kwa mabasi, wakala mkate wa nyama ya nguruwe kwenye ngazi za kanisa, wakaingia saa kumi kuwapiga picha marehemu, ambao walinyoosha kola zao na kuendelea kungoja. Meya, Duilio, alikuja na suti ya kitani, anang'aa.

"Bi Ersilia, mji umefufuka."

"Mji haujafufuka, Duilio. Waliofufuka ndio hao, wanataka daktari."

"Daktari nitamtoa wapi mimi? Hilo ni la mkoa."

"Viti umevitoa Milano."

"Viti ni utamaduni, bi mkubwa. Ni fungu jingine."

"Nilikuchanja nyuma ya mlango ule una miaka minne. Ulilia mpaka ukajikojolea, suruali nikakufulia mimi. Lakini ulipojikojolea, daktari alikuwepo."

Duilio alicheka, akawageukia wageni ili waone anacheka, kisha akakumbuka kwamba ana kikao.

Katikati ya Agosti, Fosca, mwenye duka la sigara, alifika na kikapu cha tini kama alivyozoea, kuzungumza na Ersilia mpaka saa ya kufunga. Walikuwa mashoga tangu shule. Alikuwa anasema habari za mkwewe alipoacha sentensi katikati na kuushika mkono wake wa kushoto.

"Shoga, kuna kitu kimenikalia kifuani."

Ersilia alimlaza sakafuni, akamfungua vifungo, akamtafunisha aspirini, akapiga simu. Sauti ya bondeni ilimwambia ambulensi inaondoka sasa hivi. Ersilia alijua sasa hivi hiyo ina urefu gani.

Marehemu walitazama namba zao. Tarishi mzee aliinuka wa kwanza, mtoto begani.

"Apite yeye," alisema. "Sisi hatuna haraka."

Akaziweka namba mbili, yake na ya mtoto, kwenye kiganja cha Fosca. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka kiganja kikajaa karatasi na nyingine zikaanguka sakafuni. Nazzareno alikwenda kwenye mlango wa daktari. Alibisha, akangoja kidogo, akaufungua.

Aliitazama mifagio kwa muda mrefu. Alikuwa ameketi akiutazama mlango ule tangu Juni. Ersilia, magotini, mikono yake miwili kifuani kwa Fosca, aliuona uso wa mumewe kutoka pembeni, na taya lake likitetemeka kama siku ile alipokufa garini, njiani kwenda bondeni. Nazzareno aliufunga mlango polepole, akawageukia wenzake ishirini na tisa waliokuwa wanamtazama.

"Bado hajafika," aliwaambia, akarudi kukaa.

Wageni walipiga makofi. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mwangalizi anaigiza vizuri kuliko wote. Mwanamume mwenye kofia ya ukindu aliinama na simu yake karibu na uso wa Fosca. Ersilia alimnyang'anya simu ile, akaitupa kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki, akarudisha mikono kifuani kwa shoga yake bila kupoteza hesabu.

"Tokeni," alisema. "Tokeni wote mlio hai."

Ambulensi ilifika baada ya dakika arobaini na moja. Fosca alikufa kwenye kona ya ishirini na mbili.

Walimzika Jumatatu. Alhamisi, saa kumi, aliingia na vumbi viatuni, akachukua namba, akatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Ersilia alileta kimoja kutoka jikoni kwake, cha mbao, chenye mto wa buluu. Kilikaa siku mbili. Siku ya tatu manispaa ilimletea barua kwamba kiti hicho si sehemu ya sanaa na kinavuruga maana yake, pamoja na onyo juu ya simu ya mgeni. Fosca alisimama ukutani.

"Miguu yangu, Ersilia," alisema. "Nilidhani huku miguu haiumi."

"Kaa kwenye changu, hiki cha mlangoni."

Tangu siku hiyo mwangalizi alisimama mlangoni kutwa, ana miaka sitini na tisa na mishipa imevimba mapajani, na kila saa kumi alikibonyeza kidude mara thelathini na moja.

Mwezi wa Oktoba "Zamu" ilipata tuzo huko Milano. Duilio alikuja mwenyewe kumpa habari, na safari hii alivua kofia, kwa maana Fosca alikuwa shangazi yake.

"Imekuwa ya kudumu sasa," alisema. "Na lile suala la nafasi tumelifikiria, bi Ersilia. Nimelipigania kwenye baraza. Hakuna atakayesimama tena."

"Mnamleta daktari."

"Tumeagiza viti vingine sitini."

Ersilia alimtazama shingoni, mahali alipokuwa akimwekea kidole utotoni kupima mapigo. Duilio alimwinamia shangazi yake kumsalimia, lakini Fosca alikuwa ameugeuzia uso wake ukuta.

Viti vililetwa Jumanne moja ya mvua. Wapakuzi wawili waliviingiza vikiwa vimefungwa karatasi, wakavipanga ukumbini, kwenye korido, hadi ngazi za nyuma. Marehemu waliinua miguu kuwapisha. Dereva alimletea Ersilia karatasi na kalamu.

"Tia sahihi hapa, mama, kwamba vimetosha."

"Sitii."

"Mbona ni kuhesabu tu? Hesabu uone."

"Nimeona," Ersilia alisema, mikono nyuma. "Sitii."

Dereva alimngoja, akatazama saa yake, akaiweka karatasi ukutani na kutia sahihi mwenyewe.