Rimu za Baba Watoto

Gari letu kuukuu lilikuwa na matairi vipara, na hilo sikulibishia. Nilichobishia ni rimu. Mume wangu alitaka zile kubwa zinazong'aa, na matairi ya kupandia milima, wakati safari yetu ndefu kabisa ni ya sokoni. Nilisema mpaka koo likanikauka. Fundi akafunga yote manne, gari likanyanyuka kama linataka kuruka ukuta.

Tukampitia mama mkwe tumpeleke kliniki. Akainua mguu, haukufika. Akajaribu mwingine. Kisha akarudi kibarazani, akaketi na mkoba wake mapajani.

"Gari limependeza, baba," akamwambia mwanawe kwa upole. "Nendeni tu, mimi nitawapungia mkono."

Mume wangu alimbeba mama yake akampandisha. Kutoka kliniki, moja kwa moja kwa fundi: rimu za zamani, matairi mapya ya kimo kilekile cha awali. Mama akapanda mwenyewe, akafunga mlango. Roho yangu ikatua.

"Si nilikwambia?" mume wangu akanigeukia. "Gari hili halitaki makubwa."

Nikafunga mkanda kwa raha zangu.