Mama Alikaa Mbele Yangu

Mama alipopata barua ya kukubaliwa chuo kikuu, nilitamani ingepotea njiani. Yangu nilikuwa nimeshaipata wiki tatu kabla, ya chuo hichohicho na kitivo hichohicho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye arobaini na miwili. Alikuwa fundi wa sare za shule tangu sijazaliwa, na kila nilichowahi kuvaa kilitoka kwenye cherehani yake. Nilijua hilo vizuri. Halikunizuia kumchukia muhula mzima.

"Chagua kozi nyingine," nilimwambia.

"Kwani hiyo umeizaa wewe?"

"Watanicheka, Mama."

"Waache wacheke. Meno ni yao."

Tukawekeana masharti kama wapangaji wawili wasioivana. Chuoni hatujuani. Yeye alijiandikisha kwa jina la babu, mimi kwa jina la baba ambaye alikwishahamia kwa mke mwingine, kwa hiyo hakuna ambaye angetuunganisha. Asubuhi alitangulia yeye, mimi nikafuata baada ya nusu saa.

Somo lililotukalisha ukumbi mmoja lilikuwa la utangulizi wa uchumi, lile la bei, wanunuzi na wauzaji, ambalo wanafunzi tuliliita Maikro. Tulikuwa watu mia mbili kwenye viti vya mbao vilivyopanda kama ngazi. Mhadhiri tulimbandika jina la Rula, maana hakuchora mstari wowote ubaoni bila rula yake ndefu, na ukimuuliza swali asilolipenda aliigonga mezani mara moja. Swali limekufa hapo.

Wiki ya tatu Rula alichora mstari unaoshuka. Bei ikipanda, alisema, watu hununua kidogo. Mama, aliyekaa safu ya mbele na daftari lake lililofungwa kwa karatasi ya kukatia vipimo, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kuna vitu bei ikipanda watu wananunua vilevile. Sare za shule, kwa mfano. Mzazi ananung'unika, lakini ananunua."

"Umesoma wapi hilo, mama?"

"Sijasoma. Nimeona."

Rula aligeukia ukumbi. "Ameona. Mimi nimesota na vitabu miaka tisa, kumbe ningekaa dirishani nikatazama wapita njia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko jirani zangu. Mama hakugeuka. Lakini cheko langu alikuwa analijua tangu sina meno.

Jioni nilikuta nguo zangu nilizoloweka kwenye beseni zimetupwa sakafuni zikiwa bado na povu.

"Beseni ni langu," alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

Tangu siku hiyo tuliishi kwa maneno ya lazima tu. Ondoa kiatu. Funga mlango. Maji yameisha. Yeye alisoma mezani katikati ya vipande vya vitambaa, akisogeza midomo, akirudia mistari ya Rula mpaka inanichefua. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama za juu, nikajiona nimeshafika. Nilianza kukwepa vipindi ili nisikae chumba kimoja naye. Wiki ya saba Rula alifundisha unyumbufu, yaani kiasi ambacho wanunuzi hukimbia bei ikipanda. Niliambiwa alilisema lilelile alilolisema Mama, kwamba kuna bidhaa ambazo watu hawazikimbii. Hakumtaja. Mimi sikuwepo.

Siku ya jaribio nilichelewa. Kiti kilichobaki kilikuwa nyuma ya Mama, juu kidogo, na mwandiko wake ni mkubwa kama wa mtu anayeandika kwa chaki kwenye kitambaa. Swali la mwisho lilitaka mfano wako mwenyewe wa bidhaa yenye unyumbufu mdogo, na ueleze ni lini unaweza kuongezeka. Nililitumbulia macho robo saa. Kisha nikachungulia juu ya bega lake.

Alikuwa ameandika kuhusu shati la shule. Mzazi hana ujanja, hulinunua kwa bei yoyote, ila akifika mtoto wa tatu huanza kulikimbia. Nilinakili yote. Penye "mteja" nikaweka "mnunuzi", nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki iliyofuata Rula alituita ofisini kwake wote wawili. Karatasi zetu zilikuwa mezani, zimelala bega kwa bega.

"Huyu binti namfahamu kwa alama alizokuja nazo," alisema, kisha akamgeukia Mama. "Wewe umeingia kwa mlango wa watu wazima. Unajua kunakili kunaitwaje hapa? Ni wizi. Alhamisi mtafika mbele ya mkuu wa idara."

Mama aliinama akazisoma karatasi zote mbili. Nami nikafyata ulimi.

Kwenye korido alinisimamisha, mara ya kwanza kunisemesha chuoni.

"Ni wewe?"

Nilitazama ukuta.

"Una siku mbili. Nenda ukaseme mwenyewe."

"Ungekaa na cherehani yako haya yote yasingetokea."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyerudisha nguo akidai imeshonwa vibaya, wakati ni yeye aliyenenepa. Akaondoka. Siku mbili zikapita na sikwenda popote.

Alhamisi mkuu wa idara, mwanamke mpole wa sauti na mkavu wa uso, alimsikiliza Rula mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Mama anajitetea vipi.

"Sijitetei. Mmoja wetu ndiye aliyeliwaza jibu hilo. Tuulizeni lina maana gani."

Mkuu alianza na mimi. "Kwa nini mtoto wa tatu? Kwa nini si wa pili?"

"Kwa sababu..." Nilianza upya. "Kwa sababu watoto watatu ni wengi."

Rula aliacha kuandika.

"Na wewe?"

"Wa kwanza na wa pili hufuatana karibu," Mama alisema. "Shati la wa kwanza bado analivaa mwenyewe. Wa tatu akianza shule, mkubwa ameshalikimbia kwa urefu, lipo kabatini. Tatizo ni kola, huwa imelika. Kwa hiyo bei ikipanda mzazi hanunui jipya, analeta lile la zamani nimgeuzie kola, upande wa ndani uje nje. Mwaka bei ilipopanda sana niligeuza kola mpaka vidole vikaota sugu."

"Unashona?" Rula aliuliza.

"Sare za shule. Miaka ishirini na miwili."

"Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza. Ulinicheka."

Mkuu alitutazama kwa zamu, akilinganisha mapaji ya nyuso zetu. "Mnafahamiana nyinyi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukana. Mama akaniwahi. "Ni mwanangu."

"Unaelewa kitakachompata?"

"Nimesoma kanuni. Nilimpa siku mbili aseme mwenyewe, hakutaka."

Nilipewa sifuri na kuzuiwa somo hilo hadi mwaka unaofuata. Mama alipata kumi na saba kati ya ishirini. Rula hakumwomba radhi. Kipindi kilichofuata alimwita "mama" kwa sauti ileile, akagonga rula yake ileile.

Nyumbani nilikusanya nguo kwenye begi. "Mama gani anamuuza mwanawe?"

"Mtoto gani anakaa kimya mama yake akiitwa mwizi?" Mguu wake haukuacha kukanyaga pedali. "Ukitoka, rudisha mlango."

Nilihamia kwa mama mdogo na kukaa huko mwaka mzima. Nilirudia Maikro kwa Rula, safu ya mbele, bila kukosa hata kipindi kimoja, nikimchukia yeye na kumchukia Mama aliyenifikisha pale, na kwa hasira hiyohiyo nikasoma kuliko nilivyowahi kusoma. Nikapata C.

Niliipeleka karatasi ya matokeo nyumbani mwenyewe. Mama aliisoma mara mbili, pande zote mbili.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Sawa." Alinirudishia. "Ungesoma vizuri ungepata B."

Hakunikaribisha kiti, nami sikukiomba. Nilisimama pale mlangoni, nimeishika karatasi yangu, nikimtazama akimalizia mkono wa shati.