Magunia Arobaini ya Mwezi

Mwezi wenyewe sina ugomvi nao. Nasema mapema kwa sababu kiwandani wamenivumishia kwamba nachukia sayansi, ati mwanamke wa kinu atajua nini mambo ya anga. Ninachokichukia nakijua vizuri, na nitakisema.

Mimi nasaga mawe. Kiwanda chetu kinachimba mawe meusi, kinayavunja kuwa kokoto, na yale ya kuchanganywa kwenye rangi na vigae tunayasaga mpaka yawe unga. Kinu ni changu, mwaka wa kumi na moja huu. Chekeche ni la dada yangu mkubwa, aliyetangulia pale miaka mitatu na ndiye aliyeniombea kazi. Kwenye chekeche ndiko unga unakopaa. Ukishinda pale kutwa, jioni ukipenga kamasi inatoka nyeusi.

Dada anakohoa. Si kikohozi cha kusema kitapita, ni cha kumsimamisha katikati ya ngazi nne za mlangoni kwake, ameshika ukuta. Zahanati ya kiwanda ilimwambia ni mafua. Mwaka uliofuata wakasema ni moshi wa kuni, na dada anapikia gesi. Safari ya tatu wakasema ni umri. Umri gani, jamani, mtu ana miaka arobaini na sita? Hospitali kubwa ina kitengo cha vifua, lakini mgonjwa wa kazini hawampokei bila fomu yenye saini ya mwajiri, na meneja wetu alikuwa ameshaikataa fomu hiyo mara tatu. Jibu lake halibadiliki: vumbi letu ni la kawaida, halimdhuru mtu, tazameni wenzenu mbona wazima. Wenzetu wepi? Mzee wa mkanda wa kubebea kokoto tulikuwa tumemzika miezi miwili nyuma, na yeye pia aliambiwa ni moshi.

Hali ndiyo hiyo walipokuja watafiti.

Walikuwa wanne, mkubwa wao mama mmoja mwembamba mwenye miwani. Walitukusanya bandani wakatueleza, na walieleza vizuri, siwanyimi haki yao. Kumbe mawe yetu yakisagwa laini sana yanafanana na udongo wa mwezini kuliko mawe mengine yote waliyopima. Walitaka magunia arobaini. Wangeyamwaga kwenye ukumbi wao, wajaribu magurudumu ya gari litakalotembea huko na nguo za watakaolipanda, maana huwezi kumpeleka mtu mbali vile halafu akwame kwenye mchanga.

Dada alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Alipita kwa majirani wote kuwaambia. Jioni ile alitoa kigoda nje, akautazama mwezi, akaniambia kwamba atakayeukanyaga atakuwa amejifunzia kutembea juu ya unga wake yeye. Nami nilifurahi, nisidanganye. Toka utotoni nimeutazama mwezi kama mtu mwingine yeyote, na siku ile ndiyo kwanza nikahisi na wenyewe unanitazama.

Furaha yetu haikufika mbali. Siku ya kusaga watafiti walikuja wamevaa ovaroli nyeupe zilizowafunika hadi visigino, glavu mbili mbili, miwani ya kubana, na barakoa za mpira zenye vichujio huku na huku. Walisimama mlangoni, hawakuvuka kizingiti. Sisi tulikuwa ndani, tumejifunga leso puani. Yule mama alimuuliza meneja barakoa zetu ziko wapi.

"Hawa wameshazoea," meneja akasema, na akacheka.

Nilizima kinu. Nilimfuata yule mama pale mlangoni nikamwuliza anaogopa nini. Akanieleza bila kunificha. Unga ule ukiwa laini kiasi kile, kila chembe ina makali kama chupa iliyovunjika, ukiuvuta unakwenda kukaa chini kabisa ya mapafu na hautoki tena. Ndiyo maana wana timu nzima, watu kumi na wawili, kazi yao ni kuhakikisha watakaokwenda mwezini hawavuti hata kidogo. Nikamwuliza kama huko mwezini kuna mtu sasa hivi. Akasema hapana. Lini watakwenda? Bado haijulikani.

Damu ilinichemka. Mtu hajaondoka, pengine hata hajazaliwa, na mapafu yake yameshapata watu kumi na wawili wa kuyalinda. Dada yangu amesimama hatua nne kutoka pale, anakohoa mbele ya macho yao, na mlinzi wake ni leso. Nilimwambia hivyo hivyo. Yule mama aliinamisha kichwa, akasema ataliandika kwenye ripoti. Haya, ripoti. Ripoti haifungwi puani.

Tukasaga siku tatu. Siku ya mwisho nikapewa kazi ya kubandika lebo kwenye magunia. Ziliandikwa kwa lugha yetu, herufi nyekundu: HATARI. USIVUTE VUMBI HILI. HUHARIBU MAPAFU. FUNGUA UKIWA UMEVAA BARAKOA. Na kwa kuwa sheria ya usafirishaji inamtaka muuzaji mwenyewe athibitishe, chini yake kulikuwa na jina la meneja wetu na saini yake, ile ile aliyokuwa anamnyima dada. Nilizisoma zote arobaini. Ya arobaini na moja, ya akiba, nikaitia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata nikachota unga kwenye bakuli langu la chakula, nikafunika, nikamshika dada mkono tukaenda ofisini. Tulimkuta meneja anakunywa chai na yule mama, wanakabidhiana karatasi za mzigo. Karani alitaka kutuzuia, lakini alipoiona sura yangu akakumbuka ana kazi nyingine.

Nikaiweka lebo mezani. Meneja aliisoma taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Hii ni ya vumbi la mwezi," akasema. "Ninyi mnasaga vumbi la kawaida."

"Kinu ni kile kile."

"Matumizi ni tofauti, mama. Usichanganye mambo."

Nikafunua bakuli nikaumwaga unga wote mbele yake, kati ya kikombe na simu.

"Kama ni la kawaida, puliza."

Hakupuliza. Alikisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga kabati, akakamata tai yake akaizibia pua na mdomo. Mtu mzima, bosi wa watu mia mbili, macho yamemtoka juu ya tai. Yule mama aliweka kikombe chini, akamtazama, akatutazama sisi, na safari hii hakutaja ripoti. Alisema tu kwamba magunia hayataondoka mpaka aone barakoa bandani.

Dada akasogea mezani. Alifungua mkoba wake, akatoa ile fomu iliyokataliwa mara tatu, akapangusa sehemu ya meza kwa kiganja kitupu, akaiweka.

"Saini hapa, bosi," akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Akasaini. Tai haikutoka puani mpaka alipomaliza, na kalamu aliitupa.

Barakoa zilikuja wiki ile ile, tunazivaa mpaka leo, na mzigo ukaondoka. Sisi tulikwenda hospitali kubwa Jumatatu. Daktari alikuwa kijana mpole, akampiga dada picha ya kifua, akaitundika kwenye taa. Hata mimi nisiyejua kusoma picha zile niliona weupe ulivyotapakaa pande zote mbili. Aliitazama, akauliza dada amefanya kazi pale miaka mingapi, dada akamjibu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, akamwuliza, bila ubaya wowote, kwa nini hakuja mapema.