Ng'ambo ya Maporomoko

Fundi alikigeuza kiatu cha mkewe juu chini, akakibana katikati ya magoti na kuanza kupigilia soli mpya. Kibanda chake kilitosha kiti kimoja na rundo la viatu vya watu; mteja akija ilibidi asimame barabarani na kuongea kupitia dirishani. Siku hiyo hakutaka mteja. Alikuwa ametafuta kipande kizito cha tairi, akakichonga meno marefu, maana aliambiwa mawe ya kule yanateleza kama sabuni.

"Hivi viatu au matrekta?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nataka urudi navyo."

Maneno yalimponyoka kabla hajayapima. Mkewe alimtazama, akayaacha yapite.

Mtoto wao wa pekee alikufa maji mwaka uliotangulia, kwenye maporomoko ya msituni alikokwenda kutembea na wenzake wa chuo. Tangu azikwe, mama yake hakuonekana akilia. Alifua, alipika, alisalimiana na majirani mpaka watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Kisha siku moja, akimenya vitunguu, akasema bila kuinua macho, "Nataka kupaona." Fundi hakuuliza wapi. Ila tangu hapo wazo moja likamkaa rohoni, wazo ambalo hakuthubutu kumwambia hata dada yake mwenyewe: mkewe anataka kwenda, lakini hataki kurudi.

Basi akajiandaa kwelikweli. Alichagua msimu wa kiangazi. Alitafuta kamba nene. Alimweleza jirani njia watakayopita, na nani apigiwe simu wasipoonekana kabla ya giza. Na juu ya yote alimwomba mlinzi wa msitu awapeleke yeye mwenyewe. Huyo alikuwa mama wa makamo, mwili jumba, maneno mengi, na watu walimwita Filimbi kwa sababu ya ile aliyoivaa shingoni kama mkufu.

"Shemeji, kamba yote hiyo unakwenda kufunga ng'ombe?" Filimbi alimtania walipokutana kwenye geti la msitu.

"Nakwenda kumfunga mke wangu."

Wanawake wote wawili walicheka. Fundi hakuwa anatania.

Walipanda polepole chini ya miti iliyofungana hata jua likawa linadondoka kwa vipande. Ngurumo ya maji waliisikia muda mrefu kabla ya kuyaona. Chini kidogo ya maporomoko njia ilikata mto. Wakavuka kwa kukanyaga mawe, maji yakiwalamba vifundo vya miguu, mepesi na maangavu kama ya kwenye glasi. Ng'ambo, Filimbi aliwasimamisha chini ya mti mkubwa.

"Mwisho wetu ni hapa. Anayetaka kusogea zaidi, atanipita mimi kwanza. Na mnaona nilivyo."

Kwenye mawe ya mbele walikaa vijana wawili, msichana na mchumba wake, miguu ndani ya maji, wakipigana picha. Walikuja peke yao. Filimbi akawapigia kelele wapande juu, na wakapanda, kijana akimpigia saluti ya mzaha. Alikuwa na meno mazuri, mchangamfu, mtu wa kupendwa mara moja.

"Alikuwa wapi?" mke wa Fundi aliuliza.

Filimbi akaacha utani. "Pale, dada. Kwenye lile jiwe jeusi. Walikuwa wamegeuka kupiga picha."

Mkewe akapatazama. Fundi alikuwa amejizungushia ncha ya kamba mkononi na hakuwa akitazama maporomoko wala jiwe. Alitazama miguu ya mkewe, tayari kuirukia. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuona maji yanabadilika.

"Mbona yamekuwa mekundu?" msichana aliuliza.

Filimbi akapuliza filimbi hata masikio yakaziba. "Juu! Pandeni juu! Mvua imenyesha milimani!"

Mbingu juu yao ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Lakini majani yalikuja, kisha matawi, kisha gogo zima likaruka kutoka kileleni na kupasuka chini. Mkono wa mkewe ukamshika Fundi shingoni mwa shati na kumvuta kama mzigo, maana yeye alikuwa bado ameganda. Walipofika juu ya ukingo na kugeuka, jiwe jeusi halikuonekana tena. Wala mawe ya kivuko.

"Sasa tunakaa," Filimbi alisema. "Maji yalivyokuja ndivyo yatakavyokwenda. Ikibidi kulala hapa, tutalala."

Walikaa. Saa zikapita. Kijana mchangamfu akaanza kutembea huku na huku akitazama simu isiyo na mtandao.

"Mama, mimi niko zamu ya jioni. Ndiyo kwanza nimeajiriwa. Nikikosa leo wananifukuza."

"Wakufukuze. Nitakuja mimi kumpigia magoti bosi wako."

Kijana akacheka, akatulia. Baadaye maji yakapungua kidogo, vichwa vya mawe mawili matatu vikachomoza. Filimbi alikuwa amepanda juu zaidi kutafuta mtandao. Kijana akamwambia mchumba wake, "Nasogea tu kuangalia," akashuka. Fundi alimwona. Alitaka kusema kitu, lakini huyu hakuwa mtoto wake, na alikuwa mtu mzima. Akajiambia atamwita akikanyaga jiwe la kwanza.

Kijana alikanyaga la kwanza na la pili kwa mruko mmoja.

"Wewe! Rudi!"

La tatu lilikuwa limefunikwa. Mguu ulikwenda, mwili ukaufuata. Kichwa kikatokea, na mkono, na sauti. Fundi alirusha kamba. Ilianguka mbali naye. Akaivuta, akarusha tena, lakini wakati huo mto ulikuwa umeshapiga kona na yule kijana.

Msichana alikuwa tayari anakimbilia majini. Mke wa Fundi alimdaka kiunoni, wakaanguka wote kwenye tope. Msichana alimpiga, alimng'ata mkono, alimtukana matusi ya kila aina. Mke wa Fundi hakumwachia. "Nipige," alikuwa akimwambia sikioni. "Nipige tu, mwanangu. Huendi." Na hapo ndipo kilio chake mwenyewe kilipomtoka, kilio kilichokawia mwaka mzima, na Fundi akajua kwamba wazo lake lilikuwa la uongo tangu mwanzo.

Kijana walimkuta jioni, walipoweza kuvuka, amenaswa kwenye mizizi, upande wa chini wa mto. Filimbi alimfunika kwa koti lake la kazi.

Getini, mkubwa wa walinzi alikuwa ameshika simu. Mama wa kijana alikuwa anaishi mjini, mtaa wa pili kutoka kwa Fundi. "Tumwambie amepata ajali, yuko hospitali," alisema. "Mengine atayakuta mbele."

"Hapana," mke wa Fundi alisema. "Mimi niliambiwa hivyohivyo. Nikapika supu nikaitia kwenye chupa. Nikafika hospitali nayo mkononi, wakanielekeza chumba cha maiti. Usimpigie. Tunakwenda."

Taa za barabarani zilikuwa zinawaka walipofika. Mama wa kijana alikuwa mpiga pasi. Chumba chake kilijaa mashati ya watu yaliyotundikwa ukutani, ukuta mzima, kola zimekaa wima. Aliwakaribisha. Kisha akamwona mkwe wake mtarajiwa nyuma yao, tope mpaka nywele, akaiweka pasi chini taratibu.

"Mama," mke wa Fundi alisema, akamshika mikono yote miwili, "mwanao amefariki. Amechukuliwa na maji, leo, alipokuwa anavuka mto. Mimi nilikuwepo."

Fundi alingoja ukunga. Haukuja. Mama yule alikaa kitandani, akayatazama mashati.

"Alipiga kelele?"

"Alipiga."

"Alimwita nani?"

"Sikusikia. Mto ulikuwa unanguruma mno. Naweza kukwambia alikuita wewe, lakini nitakuwa nakudanganya."

Mama yule akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Ndipo akalia. Mke wa Fundi akavua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma. Msichana akajilaza miguuni mwao.

Fundi alibaki amesimama katikati ya mashati, hajui aweke wapi mikono. Akachomoa waya wa pasi ukutani. Kisha akatoka nje, akaketi kizingitini, ili majirani wakianza kuja wamkute mtu wa kuwapokea.