Kabla ya Kukabidhi Ufunguo wa Soweto

Kwa miaka thelathini na moja Bi Ruwaida alifanya kazi ya maabara, na hakuwahi kuandika jibu asiloliona kwa macho yake. Majibu ya figo za mumewe aliyasoma mwenyewe mwezi Juni. Hakulia. Alichukua kalenda akaanza kupanga.

Mumewe, Mzee Ahmadi, alitaka kuzikwa Iringa, walikolala wazazi wake, na binti yao Mwanaidi alikuwa ameolewa huko. Kwa hiyo nyumba ya Soweto, Mbeya, iuzwe, na ya Kihesa, Iringa, inunuliwe. Kuuza hakukuweza kungoja. Mnunuzi, Mihayo, alilima mpunga Rujewa, na mkulima wa mpunga ana fedha Julai na Agosti. Ukimsubiri hadi Novemba, fedha imesharudi shambani. Alilipa sehemu kubwa papo hapo, nayo ikaenda moja kwa moja kwa Philbert, mwenye nyumba ya Kihesa. Iliyobaki angeituma siku ya kukabidhiwa ufunguo. Bila hiyo Philbert asingefungua mlango.

Mihayo alikuwa na sharti moja, akaliweka kwa upole, kofia mkononi. Mkewe, Ng'washi, alizika watoto wawili kutoka nyumba moja. Hakuwa tayari kuingia nyumba iliyotoka maiti juzi.

"Mama, mimi mzee namheshimu," alisema. "Ila msiba ukitokea humu kabla sijashika ufunguo, turudishiane tu. Kila mtu na chake."

Likaandikwa hivyo, na Bi Ruwaida akatia sahihi. Hakuwa na cha kurudisha, na hilo alilijua. Alijua pia kwamba akifiwa pale angepaswa kukaa eda palepale, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba inayogombewa. Lakini vipimo vilimpa mumewe mpaka Oktoba, na kuhama kulipangwa Alhamisi ya mwisho ya Agosti.

Jumatano jioni mzee alikunywa uji vijiko vitatu, akamtania mkewe kwamba amemweka kwenye ratiba kama chupa ya damu, na kumuuliza kama akichelewa atamwagwa.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Bi Ruwaida alimpelekea chai. Aliweka kikombe chini. Akagusa shingo ya mzee kwa vidole viwili, akatazama saa ya mkononi dakika nzima, kisha dakika ya pili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ngozi ilikuwa imeanza kupoa.

Alisoma alichopaswa kusoma. Alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, na juu yake akazungusha skafu ya sufu. Akamvika koti zito na kofia.

Abdul, mtoto wa dada yake, alifika na gari la kukodi saa kumi na mbili na nusu. Alipoingia chumbani alisimama mlangoni bila kusogea. Bi Ruwaida akamweleza kwamba mzee atazikwa leo kabla ya magharibi, Iringa, kama alivyotaka, na kwamba watu wataambiwa amefia njiani.

"Njiani wapi, mama mdogo?"

"Makambako. Saa tatu na nusu."

Abdul alitazama saa yake, kisha akamtazama mama yake mdogo, mwanamke aliyemfundisha kutosema uongo. Wakambeba.

Walikuwa wameshamweka kiti cha nyuma, mito huku na huku, na wenyewe wameshaingia garini, Mihayo alipotokea getini. Bi Ruwaida alishusha kioo chake kidogo, na Mihayo akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akashukuru, akawaombea safari njema. Kisha akainama kwenye dirisha la mzee.

"Shikamoo, mzee."

Alingoja.

"Amelala," Bi Ruwaida alisema. "Usiku hakupata usingizi."

Asubuhi ilikuwa ya baridi, na gari lilikuwa limefungwa. Kioo cha upande wa Abdul kilikuwa na ukungu wa pumzi. Cha upande wa Bi Ruwaida vilevile. Cha mzee kilikuwa safi, na nyuma yake skafu ilionekana uzi kwa uzi. Mihayo alikitazama muda mrefu. Alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe. Alijua tofauti ya kilicholala na kisichopumua.

Hakufungua mlango. Aliurusha ufunguo kidogo kiganjani, kama anayepima uzito wake.

"Sawa, mama," alisema. "Mkifika, mzee anipigie mwenyewe. Nikisikia sauti yake tu, naituma iliyobaki."

Abdul aligeuka akamtazama mama yake mdogo.

"Washa gari," Bi Ruwaida alisema.