Chale za Kasha

Vumbi la Dodoma halina adabu. Miaka ile ya Mdachi, reli ilipokuwa bado mgeni wa mwaka wa tatu, liliingia nyumbani bila hodi, jekundu, likakaa juu ya maji, juu ya ugali, juu ya kope za waliolala. Juu ya kasha la Bi Mwantum ndipo lilipokaa kama mwenyeji.

Kasha lile lilikuja na misafara, kichwani mwa mpagazi, kabla gari moshi halijaijua njia. Lilikuwa jeusi kwa mafuta ya mikono, likinukia karafuu na nguo za sikukuu. Bi Mwantum alikwisha kusema litakwenda Kondoa na binti yake Kudra, siku atakapoolewa na Shaban, mwenyeji wa huko.

Kudra alilipenda, lakini alilionea haya. Watu wa Kondoa wana macho. Shaban, aliyekuwa akipaka rangi mabehewa stesheni, akamletea kopo lililobakiza kidogo, rangi ya kijani. Mama alipokwenda msibani Mkonze siku nne, Kudra akapaka. Akapaka kifuniko, akapaka miguu, akapaka na ukingo wenye mikato, akidhani ni makovu ya kamba za wapagazi. Kasha likang'aa kama jani la mvua ya kwanza, naye akajiona hodari kweli.

Mama akarudi. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alipitisha kidole ukingoni, kidole kikateleza bila kukwama popote, akaketi chini na kaniki yake ya safari.

"Umewafunika wenzako, mwanangu."

Ndipo Kudra alipojua, mwanamwali mzima, jambo alilofichwa tangu azaliwe. Kila mtoto aliyemzaa, siku ya arobaini, siku ya kumtoa nje alione jua, Mwantum alichukua kisu akachanja chale moja ukingoni. Chale saba. Sita walizikwa wadogo, wengine mwaka wa njaa, wengine mwaka wa ndui. Hawakuacha nguo, wala jina lililotajwa tena mle nyumbani. Waliacha chale.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mbio. Kudra akachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akachukua na jivu, akajifungia ndani ya tembe. Sugua, Kudra. Sugua taratibu. Tangu asubuhi hadi adhuhuri, unga wa kijani ukimwagikia mapajani, ukipanda shingoni. Sugua taratibu. Pembe zikatoa weusi wake, kifuniko kikarudia uzee wake. Na pale ukingoni rangi ikatoka juu, ikabaki ndani. Chale zikajitokeza moja moja, za kijani, zikionekana kuliko zilivyopata kuonekana.

Akazihesabu. Sita.

Akahesabu tena. Moja haikuwa na kina, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeila. Amemzika nani mara ya pili? Alimwita mama, akamwonyesha ukingo.

Mwantum akapiga magoti. Kidole chake kikaingia katika chale ya kwanza, na midomo iliyokaa kimya miaka yote ile ikafunguka.

"Athuman," akasema. "Mwajabu. Mrisho. Sikudhani." Kidole kikasogea, chale kwa chale. "Mbaruku. Chausiku wangu."

Kidole kikafika palipo laini, kikatulia.

"Hapa palikuwa pako. Nilichanja juu juu tu. Niliogopa, nikasema na huyu naye hatakaa."

Kudra akaomba kisu achanje upya. Alikuwa akilia, wala hakujificha.

"Kisu cha nini?" mama akasema. "Wewe upo."

Akachukua upindo wa kaniki, akampangusa lile vumbi la kijani, shingoni, usoni, kwenye kope. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje juani.